Nauli Isiyoandikwa: Mgeni na Matatu za Mlima Kenya

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hufundishwa darasani kama sifa ya ukarimu, na aghalabu mjadala huishia hapo. Maana yake nyingine haitajwi sana: mgeni humponya mwenyeji kwa sababu huuliza yale ambayo mwenyeji amekwisha kuacha kuyaona. Mahali pazuri pa kuipima methali hiyo katika Kenya ya leo si sebuleni. Ni kwenye stendi ya matatu, hasa katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya: Nyeri, Karatina, Nanyuki, Meru, Chuka, Embu na Kerugoya. Huko usafiri wa umma ni mwepesi kwa aliyeuzoea, na ni fumbo kwa asiyeuzoea. Fumbo lenyewe ni la lugha kabla ya kuwa la barabara, na kwa hiyo linawahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili kuliko wanavyodhani.

Mfano mmoja unatosha kuanzia. Mgeni kutoka Tanga, aliyezoea daladala zenye majina ya ncha zote mbili za safari kwenye paji la gari, anafika Nairobi akitaka kwenda Nyeri. Anaelekezwa upande wa chini wa jiji, pande za River Road na Accra Road. Anamkuta kijana akiita, "Nyeri, Nanyuki! Mmoja wa mwisho!" Anauliza, "Samahani kaka, gari hili linakwenda Nyeri?" Anajibiwa, "Ndiyo mkubwa, ingia twende." Analipa, anaketi. Baada ya saa mbili na ushei anaambiwa ashuke kwenye njia panda inayoitwa Marua, na gari linashika njia yake kwenda Nanyuki. Mji wa Nyeri hauonekani. Je, amedanganywa?

Jibu la haki ni kwamba hakudanganywa kabisa, wala hakuambiwa ukweli kamili. Barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nanyuki haipiti katikati ya mji wa Nyeri. Hupitia Makutano, Sagana na Karatina, ikafika Marua, kisha ikaelekea Kiganjo penye chuo maarufu cha polisi, halafu Chaka na Naro Moru. Nyeri iko pembeni, kushoto kwa atokaye Nairobi, na anayetaka kuingia huko hana budi kuiacha barabara kuu. Kila mwenyeji analijua hilo tangu utotoni, na ndiyo sababu hakuna aliyeona haja ya kulisema. Mwenyeji haulizi kama gari "linakwenda" Nyeri. Huuliza kama "linaingia" au "linapita". Kwa mwanafunzi wa semantiki, tofauti ya vitenzi hivi vitatu ni swali la mtihani. Kwa mgeni aliyesimama Marua jioni na begi lake, huku ukungu wa mlima ukishuka, tofauti hiyo ni nauli ya pili.

Majina ya mahali nayo yana mitego yake. Makutano ni neno la Kiswahili safi, lakini Makutano ni nyingi. Kuna ile inapoachana barabara ya Embu na ya Nyeri, kuna nyingine mjini Meru, na nyingine iko mbali kabisa, karibu na Kapenguria katika Pokot Magharibi. Mgeni akisema tu "nishushe Makutano" ndani ya gari la Meru, amempa kondakta uhuru wa kuchagua. Majengo vilevile: iko Nyeri, iko Nanyuki, na iko Mombasa na Nairobi. Kwa mtu wa pwani kulisikia jina hili mlimani ni kama kukutana na jamaa ugenini, na si bure. Nyeri ilianzishwa kuwa kituo cha utawala wa kikoloni mwaka 1902, na Kiswahili kilipanda mlima pamoja na askari, wapagazi na wachuuzi wa zama hizo. Hili lafaa kukumbukwa na wale wanaodai kwamba Kiswahili ni cha kuja katika eneo hilo. Kama ni cha kuja, basi mji wenyewe ulikuja nacho.

Jambo la kustaajabisha zaidi limo katika jina la chombo chenyewe. Kwa mujibu wa maelezo yanayokubaliwa na wengi, neno matatu lina asili ya Kikuyu, nalo latokana na sarafu tatu za senti kumi, yaani nauli iliyotozwa wakati magari haya yalipoanza kubeba watu. Daladala ya Tanzania inasemekana kuzaliwa hivyo hivyo: dala ni shilingi tano, na shilingi tano ilikuwa nauli. Mataifa mawili jirani yameyaita magari yao ya umma kwa bei. (Mgeni kutoka Tanzania, akilisikia neno matatu kwa mara ya kwanza, husikia kivumishi kilichopoteza nomino yake: matatu gani, mambo au maswali? Wanafunzi wanaopenda kujadili ngeli ya neno hili waendelee, maana Wakenya wamekwisha kuamua mitaani: matatu hii, matatu hizi.) Hivyo basi chombo ambacho jina lake ni nauli ndicho chombo ambacho nauli yake haijaandikwa popote.

Haijaandikwa kwenye mlango, haijaandikwa stendini, haijaandikwa ofisini kwa chama kinachomiliki magari. Imo kinywani mwa makanga, nayo hupanda na kushuka kama pumzi. Mvua ikinyesha inapanda. Ijumaa jioni inapanda. Sikukuu ya Pasaka au Krismasi ikikaribia, yaweza kufika maradufu. Siku ya soko Karatina, mwenye magunia ana hesabu yake na asiye na mzigo ana yake. Mwenyeji huyajua mawimbi hayo na huogelea. Anajua bei ya jana, hivyo ana mahali pa kuanzia ubishi. Mgeni hana jana.

Hapa ndipo jambo linapomgusa msomaji wa Kiswahili mahali panapouma. Makanga hupima abiria kwa sikio. Mwenyeji akiulizia Mweiga au Othaya, huuliza kwa Kikuyu, au kwa Kiswahili kilichokatwakatwa: "Othaya ngapi?" Mgeni aliyefunzwa vyema husema, "Samahani ndugu, naomba kujua nauli ya kwenda Othaya." Sentensi hiyo haina kosa hata moja la sarufi, na ndiyo inayomtoa msemaji wake hadharani. Adabu yake imemtangaza kuwa hatoki hapa. Kama kijana aliyemsikia ni mwaminifu, atatajiwa bei ya kila mtu, na waaminifu ni wengi. Wapo hata wanaomshika mgeni mkono na kumvusha hadi kwenye gari la mshindani wao kwa sababu ndilo linalokwenda anakotaka. Kama si mwaminifu, Kiswahili sanifu kimegeuka kuwa kodi. Ni aibu kwa taifa kwamba lugha yake ya taifa, ikisemwa vizuri, yaweza kumgharimu msemaji shilingi hamsini.

Kisha yapo majina ya fedha yenyewe. Kijana wa stendi huenda asiseme mia mbili. Husema "soo mbili". Hamsini ni "finje", ishirini ni "mbao", elfu ni "thao". Mtanzania akisikia "mbao" hufikiria fundi seremala, na akisikia "soo" hufikiria kashfa, kwa maana mitaani Dar es Salaam kupata soo ni kupata aibu. Atajiuliza ni makosa gani mawili aliyoyafanya kabla hata hajaketi. Naye akijibu kwamba ana "buku" moja, makanga atadhani anauza daftari. Hakuna ubaya katika misimu hii. Kila jiji lina yake. Ubaya ni kwamba misimu ndiyo njia pekee ya kuijua bei. Pale ambapo bei imeandikwa kwa tarakimu, misimu hubaki kuwa pambo na mgeni huifurahia.

Msamiati wa watu wa kazi hii nao umegawanyika kwa mpaka wa nchi. Anayeita abiria stendini Tanzania ni mpiga debe. Kenya, mpiga debe ni anayemnadi mwanasiasa. Anayekusanya nauli huitwa kondakta, au makanga, au manamba. Neno hili la mwisho lina historia ya majonzi. Katika Tanganyika ya ukoloni manamba walikuwa vibarua wa mashamba ya mkonge walioandikwa kwa nambari badala ya majina yao. Kule ni jeraha la historia, huku ni kijana mwenye noti zilizokunjwa kati ya vidole. Tasnifu nyingi zimeandikwa kuhusu Sheng na vijana wa Nairobi. Istilahi za usafiri katika miji midogo, ambako Kiswahili, Kikuyu, Kiembu, Kimeru na lugha za kaskazini hukutana kila alfajiri, zingestahili angalau sehemu ya juhudi hizo.

Kwani lugha ya stendi haifanani mji kwa mji. Karatina na Nyeri, Kikuyu ndicho hutangulia. "Mũndũ ũmwe!" huitwa gari linapokaribia kujaa, na mgeni yeyote mwenye lugha ya Kibantu hukisia kuwa ni mtu mmoja anayetafutwa. Nanyuki mambo hubadilika: mji huo hupokea Wasamburu, Waturkana, Wameru, Wasomali na wageni wa mbali zaidi, hivyo Kiswahili hupanda daraja kikawa lugha ya kwanza ya stendi. Isiolo, kaskazini ya mlima, ni vigumu kufanya biashara ya siku nzima bila Kiswahili. Ukirudi kusini kupitia Meru, Chuka na Embu, lugha za nyumbani hurejea moja baada ya nyingine. Anayetaka kuuzunguka mlima mzima kwa matatu atabadilisha gari mara kadhaa, na kila abadilishapo gari hubadilisha pia namna ya kuuliza. Kiswahili ndicho uzi pekee unaounganisha vituo vyote, nao ni uzi wa mdomo tu.

Si kweli kwamba serikali haijawahi kujaribu kuleta maandishi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu magari haya kubeba abiria bila leseni maalumu, na kwa miaka thelathini yakafanya kazi yalivyopenda. Kisha ikaja Februari 2004 na kanuni zilizobeba jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, mwenyewe mwana wa Kangema katika Murang'a, si mbali na mlima. Mikanda ya usalama ikafungwa. Vidhibiti mwendo vikawekwa visipitishe kilomita 80 kwa saa. Makondakta wakavaa sare ya rangi ya damu ya mzee. Na mstari wa manjano ukapakwa ubavuni mwa kila gari, ukiwa na jina la njia. Huo mstari wa manjano ulikuwa tendo la isimu ingawa hakuna aliyeuita hivyo: kwa mara ya kwanza gari lililazimishwa kusema kwa maandishi linakokwenda. Halikulazimishwa kusema ni kwa shilingi ngapi. Lile lililokuwa rahisi kulipaka rangi lilipakwa, na lile ambalo lingepunguza ubishi likaachwa.

Mwaka 2014 kanuni nyingine ziliwataka wenye magari wajiunge katika vyama au kampuni zenye magari yasiyopungua 30. Ndiyo maana leo migongo ya matatu za mlimani imeandikwa majina kama 2NK na 4NTE kwa herufi kubwa, mara nyingi kubwa kuliko jina la mji gari linakokwenda. Mgeni huyasoma majina hayo kama hesabu za aljebra. Mwaka huohuo serikali ilitaka nauli ilipwe kwa kadi badala ya fedha taslimu, na mpango huo ukaanguka. Kilichofaulu bila kulazimishwa ni M-Pesa, iliyozinduliwa mwaka 2007, na leo abiria wengi hulipa kwa simu. Simu hutoa risiti, nayo huweza kuitoa kwa Kiswahili, lakini hukupa taarifa baada ya malipo. Haikuambii kabla hujaketi.

Na mahali pa kukalia gari penyewe pana maswali. Mjini Nyeri, uliojengwa kwenye mteremko, wenyeji huzungumzia stendi ya juu na ya chini. Pia kuna kituo kilichojengwa Asian Quarters na kupewa jina la Field Marshal Muthoni wa Kirima, mpigania uhuru aliyefariki mwaka 2023. Ni jina lililostahili heshima hiyo. Hata hivyo, mgeni anayeambiwa "nenda stendi" bado hana budi kuuliza "ipi?", na jibu litategemea anakokwenda: Mukurweini, Nyahururu, Nairobi au Nanyuki. Kwa vijiji ambavyo matatu haziviingii kuna magari madogo ya Probox na bodaboda, na huko hata jina la njia halipo.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliliona jambo hili mapema. Riwaya yake ya Kikuyu ya mwaka 1980, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani, inawaweka wahusika wake wakuu ndani ya matatu kutoka Nairobi kwenda Ilmorog. Wahakiki wamezama katika sherehe ya wezi na wanyang'anyi inayofuata, na ni sawa. Lakini kabla ya hapo lipo tukio dogo: Wangari, mwanamke aliyepigania uhuru, hana nauli, dereva anataka kumwacha njiani, na abiria wenzake wanakubali kumlipia. Wageni wanakuwa watu wa gari moja kwa sababu ya nauli. Tukio hilo husomwa kama ishara ya umoja wa wanyonge. Lafaa lisomwe pia kama maelezo halisi ya usafiri wa mlimani, ambapo msaada wa kweli wa msafiri hutoka kwa abiria aliyeketi kando yake.

Mgeni mwerevu hujifunza hilo upesi. Haulizi bei kwa anayeiuza. Huuliza kwa anayeilipa. Huingia, huketi kando ya shosho mwenye kikapu, humsalimu, kisha humwambia, "Shikamoo mama. Eti kutoka hapa hadi Naro Moru huwa mnalipa ngapi?" Huenda shikamoo ikamchekesha bibi huyo, maana mlimani haina mazoea, lakini hujibu. Kitenzi "huwa" kina kazi kubwa katika swali hilo: hakiulizi bei ya leo, kinauliza mazoea, na mazoea ndiyo kinga ya mgeni. Atakumbuka pia kutolipa kabla gari halijang'oka, kwa kuwa gari huondoka likijaa na si kwa saa, na si kila aliyeketi ndani ni abiria. Wengine wamepandishwa ili gari lionekane karibu kujaa. Na atabeba noti ndogo. Chenji ya mgeni husahaulika kwa urahisi.

Wapo watakaosema kwamba hayo ndiyo maisha, na kwamba kuuliza ndiko kunakofanya safari ya Afrika iwe na utu kuliko safari ya miji ya kigeni, ambako mtu hupanda basi akashuka bila kusikia sauti ya binadamu. Hoja hiyo ina utamu, lakini imechanganya mambo mawili. Mazungumzo ya abiria na shosho ni utu. Mazungumzo ya abiria na bei isiyojulikana ni wasiwasi. Isitoshe, miji ya kigeni haifanani. Hong Kong ina mabasi madogo mekundu yanayofanana na matatu kuliko watu wanavyofikiri. Yalihalalishwa mwaka 1969, miaka minne kabla ya agizo la Kenyatta. Ni mali ya watu binafsi, wenyewe hujipangia njia na nauli, bei hupanda mahitaji yakipanda, na abiria anayetaka kushuka hampigii dereva kengele bali humpazia sauti. Mgeni asiyejua Kikantoni huogopa kuyapanda kama vile mgeni wa Tanga anavyosita Karatina. Hata hivyo, kwenye kioo cha mbele huwekwa kibao cha mwisho wa safari na kibao cha nauli. Bei ikibadilika, kibao hubadilishwa. Dereva hakupoteza uhuru wake wa kupandisha nauli. Alipoteza tu uhuru wa kuipandisha mtu mmoja mmoja.

Wenye magari hujitetea kwamba nauli haiwezi kuandikwa kwa kuwa mafuta hayana bei moja. Utetezi huu unajibiwa na jirani yao. Kando ya stendi aghalabu pana kituo cha mafuta. Tarehe 14 ya kila mwezi mamlaka ya nishati hutangaza bei mpya, kila mji na bei yake, na kufikia kesho yake tarakimu kwenye bango la kituo zimebadilishwa, zikasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Dereva wa matatu mwenyewe huzisoma kabla ya kununua. Asingekubali kujaziwa tangi na muuzaji anayemwangalia usoni kwanza ndipo ataje bei. Anachodai yeye kwenye pampu ndicho abiria anachokidai mlangoni.

Tena si fadhila. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja vinazaa kitu cha kawaida sana: ubao wa nauli kwa Kiswahili. Wapenzi wa lugha wamekuwa wepesi kukinukuu kifungu cha 7 katika makongamano, wakidai Kiswahili kitumike bungeni, mahakamani na katika mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Madai hayo ni halali. Ila hadhi ya lugha haipimwi bungeni peke yake. Bungeni kuna wakalimani.

Tangu mwaka 2022, kila tarehe 7 Julai, vyuo huadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa mashairi, fulana na hotuba. Haingekuwa dharau kwa siku hiyo kama chama cha wanafunzi katika chuo kimojawapo cha mlimani, kwa kuwa Nyeri, Karatina, Embu, Chuka na Meru vyote vina vyuo vikuu, kingeitumia stendini na ndoo ya rangi. Ofisi za vyama vya matatu zipo na wasimamizi wake wanajulikana; wengi wao ni wazazi wa wanafunzi hao hao. Kazi yenyewe ni ya kitaaluma kuliko inavyoonekana. Itabidi kuamuliwa kama ubao utasema "nauli" au "bei", maana abiria si bidhaa. Itabidi kuchagua kati ya "hadi" na "kwenda", na hapo mkasa wa Marua unatoa uamuzi: "hadi" hutaja mahali gari linapokomea, "kwenda" hutaja mwelekeo tu. Neno "kupitia" litahitajika ili vituo vya kati vitajwe kwa mfuatano wake. Makutano itaandikwa na kitambulisho chake, Makutano ya Embu au Makutano ya Meru. Mizigo ipewe mstari wake, na watoto wa shule wao. Herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomwa na mzee asiye na miwani. Ubao wa kwanza waweza kuwa huu: Nyeri hadi Nanyuki, kupitia Kiganjo, Chaka na Naro Moru, na mbele ya maneno hayo iachwe nafasi nyeusi, ijazwe kwa chaki kila asubuhi kabla gari la kwanza halijaanza kupakia.